Nchi ya Baridi Isiyo na Barafu

Tarehe 11 Mei 1848, msafara mdogo uliotoka Rabai, nyuma ya Mombasa, ulikuwa ukipita nyika baina ya Taita na Uchaga. Asubuhi hiyo mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliona juu ya mlima weupe uliomshangaza, akadhani ni wingu. Alimwuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, mtu wa Mwambao aliyezijua njia za bara. Bwana Kheri hakutaja theluji wala barafu. Alisema tu kwamba kile kilikuwa baridi. Rebmann aliliandika neno hilo katika shajara yake, na baadaye, habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwa miaka mingi kwamba haiwezekani kuwepo theluji chini ya jua la Ikweta.

Lugha ya Mwambao ilikuwa na maneno ya kutosha kuliko Bwana Kheri alivyohitaji. Theluji tumeipata kwa Waarabu, barafu ikatujia kutoka Uajemi, na maneno yote mawili yalivuka bahari kwa majahazi kabla vitu vyenyewe havijaonekana Unguja au Mombasa. Bwana Kheri, hata hivyo, alichagua neno la mwili: kile ambacho mtu hukihisi. Neno hilo linafaa kukumbukwa kila inapozungumzwa milima ya bara, kwa sababu baridi na barafu si kitu kimoja, na nchi inaweza kuwa na ya kwanza kwa wingi bila kuwahi kuwa na ya pili.

Vitabu vya jiografia vinavyosomwa katika shule za Afrika Mashariki vina sura ya barafuto, yaani ile barafu kubwa ya milimani inayotembea. Theluji hunyesha mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote. Ya juu huikandamiza ya chini mpaka ikawa barafu ngumu, na uzito unapozidi, barafu hiyo huanza kuteleza polepole kuelekea bondeni. Safarini hung'oa mawe, huyabeba tumboni mwake, na kwa mawe hayo husugua mwamba kama seremala anavyosugua ubao kwa msasa. Mto wa maji huchimba bonde jembamba lenye kina. Barafuto hupanua bonde mpaka likawa na sakafu pana na kuta zilizosimama. Inapoyeyuka huacha matuta ya mawe yaliyochanganyika na udongo, na mashimo ambayo hugeuka maziwa madogo. Kwenye Mlima Kenya, bonde lililopewa jina la Samuel Teleki, aliyefika huko mwaka 1887, lina umbo hilo kamili, na vijiziwa vyake vimelala hapo barafu ilipokuwa imekaa. Kilimanjaro na Ruwenzori zina alama kama hizo. Takriban miaka 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa katika kipupwe chake kirefu, barafu ya milima hiyo ilishuka chini sana kuliko ilivyo leo, na matuta iliyoyaacha bado yapo kwenye mitelemko ya Kibo na Mawenzi.

Msafiri akitoka huko kwenda kusini, akapita Iringa na kufika Mbeya, hukutana na nchi inayoweza kumdanganya. Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,600, ni majani matupu mpaka upeo wa macho, vilima vyake vimeviringana kana kwamba vimesuguliwa, na mabonde yake mapana yana vijito baridi. Mwezi wa Juni na Julai, wakati kusi inapovuma Unguja na wavuvi wanajifunga mashuka alfajiri, huko Kitulo umande huganda ukawa sakitu nyeupe juu ya majani. Wageni kutoka Ulaya waliiona nchi hiyo wakakumbuka Scotland. Mtu aliyesoma sura ya barafuto angeweza kuapa kwamba hapa pia barafu imepita.

Haikupita. Katika Nyanda za Juu za Kusini hakuna kilele kinachofika mita 3,000. Rungwe na Mtorwi, warefu kuliko vyote, vinakaribia mita 2,960. Hata katika kipindi kile cha baridi kali, kilele cha kimo hicho kilikuwa chini mno kwa barafuto kuzaliwa na kudumu. Nchi hii imeumbwa na mafundi wengine wawili, moto na maji, na kazi ya kila mmoja inaonekana mahali pake.

Moto ndio ulioinua upande wa Mbeya. Hapo matawi mawili ya Bonde la Ufa, la mashariki na la magharibi, yanakutana, na ardhi iliyopasuka ilitoa njia kwa volkano. Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa yapata miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe mepesi yenye vitundu juu ya nchi yote ya jirani. Ngozi, ulio karibu na barabara ya Tukuyu, una ziwa ndani ya tumbo lake lililobomoka, ziwa lisilo na mto wa kuingia wala wa kutoka, lililozungukwa na kuta za msitu. Mlima Kyejo, kusini ya Rungwe, ulitoa ujiuji wa moto yapata mwaka 1800, na habari hiyo haikutoka kwenye maabara bali kwenye simulizi za wenyeji, walioihifadhi kwa vizazi kabla ya mwanasayansi yeyote kuja kuithibitisha. Mto Kiwira ulipokutana na mwamba wa volkano ulitoboa chini yake, ukaacha daraja la mawe ambalo watu wamelipa jina la Daraja la Mungu.

Katika nchi hiyo hiyo ya Wanyakyusa liko ziwa Masoko, duara dogo lililozaliwa na mlipuko. Wajerumani walijenga boma kando yake, na mpaka leo watu husimulia juu ya fedha zilizozamishwa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wamekuja kwa ajili ya fedha hizo. Wachache, wanasayansi kutoka Ufaransa na kwingineko, walikuja kwa ajili ya matope. Walitoboa chini ya ziwa wakatoa tabaka zinazorudi nyuma hadi miaka 45,000, ndani yake mna chavua za miti na majivu ya volkano, na humo wakasoma jinsi misitu na mvua zilivyobadilika wakati barafu ilipokuwa ikikua na kupungua juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kwa hiyo Mbeya haikukosa habari za kipupwe cha dunia. Habari zake zimeandikwa ziwani badala ya kuchongwa kwenye mwamba. Kati ya hazina mbili za Masoko, hii ya matope ndiyo iliyopatikana.

Kazi ya maji inaonekana vizuri zaidi upande wa Iringa. Isimila, kiasi cha kilomita 20 kusini-magharibi ya mji, ni korongo lenye nguzo za udongo na mchanga zilizosimama kama minara isiyo na msikiti, kila moja imevaa kofia ya tabaka gumu lililoikinga na mvua. Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule moja ya Afrika Kusini, aliyekuwa safarini, aliokota humo mawe yaliyochongwa na binadamu, akayachukua. Miaka ya 1957 na 1958 Clark Howell, mwanaakiolojia Mmarekani, alikuja kuchimba. Alikuta mashoka ya mawe kwa mamia, na mifupa ya kiboko wa kale ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kama vizibo viwili. Mahali hapo palikuwa ziwa la kina kifupi. Watu walioacha mashoka hayo waliishi kandokando yake zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Nguzo zenyewe ni kazi ya baadaye: ziwa lilikauka, kijito kikakata mashapo yake, na masika baada ya masika mvua ikaondoa kilicho laini ikabakiza kilicho kigumu. Kazi hiyo haijaisha. Mvua iliyozisimamisha nguzo ndiyo itakayoziangusha, na mgeni anayepanda ukingoni ili apate picha nzuri anaisaidia kuharakisha.

Utalii unapozungumzwa kuhusu milima ya Tanzania, mfano unaotangulia ni Kilimanjaro, na mfano huo mara nyingi husomwa vibaya. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Karne moja baadaye hazikubaki hata mbili. Mwaka 2000 kundi la watafiti lililoongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani lilitoboa barafu hiyo, kisha likatabiri kwamba itatoweka baina ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na vipande vingali vipo, vyembamba, vimekatikakatika. Si nyayo za wapandaji zilizoiyeyusha. Hewa ya mlima ilianza kukauka mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, theluji mpya ikawa chache, na jua likaigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja. Juu ya hayo kukaja joto la dunia nzima, linalotoka zaidi kwenye nchi ambazo wapandaji hao wanatoka. Madhara ya utalii yako chini ya barafu: njia zilizochimbika, taka za makambi, wapagazi wanaobeba mizigo mizito kwa nguo nyepesi. Oktoba 2020 moto ulianza karibu na kituo cha Whona, na kabla haujazimwa uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 90 za mlima. Taarifa za mwanzo zilisema ulitokana na jiko la wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Watalii huhimizwa waione barafu kabla haijaisha. Hapo msiba umekuwa tangazo la biashara.

Kusini hakuna barafu ya kutangazwa, na kwa muda mrefu hakukuwa na watalii. Mzungu wa mwanzo kuandika habari za uwanda wa Kitulo alikuwa mtu aliyejulikana Unguja. Frederic Elton alifika kisiwani mwaka 1873 kumsaidia balozi wa Uingereza, John Kirk, katika kukomesha biashara ya watumwa, na mwisho wa mwaka huo alitembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa akihesabu misafara ya watumwa iliyokwepa bahari baada ya soko la Unguja kufungwa. Mwaka 1877, akiwa balozi huko Msumbiji, alitoka kaskazini ya Ziwa Nyasa akapanda milima, akavuka uwanda ule wa majani, akashuka kwa Wasangu. Hakuiona tena pwani. Alifariki Ugogo mwezi wa Disemba mwaka huo huo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1879 baada ya kifo chake. Ramani za wakoloni ziliuita uwanda huo kwa jina la Elton. Wakinga na majirani zao waliendelea kutumia majina yao, na jina la Kitulo ndilo lililoshinda.

Kilichoufanya uwanda huo uingie kwenye sheria ni maua. Mvua inayopandishwa na milima kutoka Ziwa Nyasa, baridi ya kimo na udongo wa majivu ya volkano vimeleta pamoja mimea yapata 350, na ndani yake okidi za ardhini aina 45. Huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili, na wenyeji wakaliita shamba hilo Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba zipatazo 413, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wilaya ya Makete, inayobeba sehemu kubwa ya hifadhi, ilikuwa wakati huo katika Mkoa wa Iringa. Tangu 2012 imo katika Mkoa wa Njombe.

Hatari kwa maua hayo haikuwa mgeni anayeyatazama. Ilikuwa mlo. Viazi vidogo vya okidi huchimbwa, hukaushwa na kuvukishwa mpaka wa Tunduma kwenda Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga na kupikwa chikanda, chakula kinachopendwa huko. Zambia ilipomaliza okidi zake, wachuuzi waligeukia Nyanda za Juu za Kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 viazi vilivyokuwa vikitoka huko kwa mwaka vilihesabiwa kwa mamilioni. Anayechimba ni mwanakijiji wa Makete asiye na ng'ombe wala mbao za kuuza. Hifadhi imemzuia, na imefanya vyema kuyalinda maua. Lakini watalii wanaopanda kona zinazozidi hamsini kutoka Chimala hadi Matamba ni wachache mno kumpa kazi badala ya ile aliyoikosa. Katika hesabu hii, uchache wa utalii unamwumiza mtu, kama vile wingi wake unavyouumiza mlima kwingine.

Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa, kwenye mitelemko ya Rungwe, habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Walidhani huenda ni kiumbe wa hadithi. Mwaka uliofuata watafiti wengine walimwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa upande wa Iringa, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba amegunduliwa. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, na jina la wenyeji likabakizwa nyuma yake. Ni heshima ndogo, lakini Bwana Kheri hakuipata.

Palipo na gharama kubwa ni chini ya milima, katika bonde la Usangu. Maji ya Kitulo, Poroto na Kipengere hukusanyika huko, hujaza kinamasi cha Ihefu, kisha hutoka yakiwa Ruaha Mkuu na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, fahari ya Iringa. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko hubanana kwenye madimbwi na samaki hufa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Lawama zikawaangukia wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Usangu na makundi yao ya ng'ombe, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo lao likaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukauka. Ng'ombe hunywa kidogo. Mashamba ya mpunga ya Mbarali ndiyo yanywayo sana, na mpunga huo ndio mchele wa Mbeya unaosifiwa katika masoko ya Mwambao wote. Mla pilau wa pwani anao mkono wake katika mfereji wa Usangu, ingawa hakuna aliyependekeza ahamishwe.

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa kukuza utalii wa kusini, Ruaha ikiwa kitovu chake. Wanavijiji wa Mbarali walilalamika juu ya kufukuzwa, ng'ombe kukamatwa na watu kuumizwa na askari wa hifadhi. Aprili 2024 Benki ilisimamisha malipo, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Barabara na viwanja vya ndege vilivyokusudiwa kumleta mgeni kusini vilisitishwa kwa sababu ya yaliyompata mwenyeji, na haya si ya kawaida katika historia ya hifadhi zetu, ambamo mara nyingi mambo huenda kinyume chake.

Msomaji wa kisiwani asidhani habari hizi ziko mbali naye. Maji ya Ruaha Mkuu yakishapita hifadhini huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, palipoanza kuzalishwa umeme mwaka 1975. Na tangu 1980, waya ulipolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, taa za Unguja zimekuwa zikiwaka kwa umeme wa gridi ya bara. Mwaka 2008 waya ulipokatika kisiwa kilikaa gizani yapata mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu. Miaka hiyo kosa lilikuwa la waya. Mwaka 2006, bara ilipoingia katika mgao wa umeme, kosa lilikuwa la maji: Mtera ilikuwa imeshuka kwa ukame.

Baada ya Kidatu, Ruaha Mkuu hukutana na Rufiji, na Rufiji humwaga baharini mkabala na Mafia udongo uliotoka milimani, yakiwemo majivu ya volkano za kale. Juu ya udongo huo ulimea msitu mkubwa wa mikoko wa Afrika Mashariki. Sasa sehemu ya udongo hukwama kwenye mabwawa, na tangu Disemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, hukwama zaidi. Boriti zilizobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe, na ambazo urefu wake uliamua upana wa vyumba, nyingi zilikatwa kwenye mikoko hiyo ya Rufiji karne moja na zaidi kabla ya mabwawa hayo.